Kuandika Tasnifu Ukiwa Kigoma: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Wanafunzi wengi wa uzamili na uzamivu walioko Kigoma wanaandika huku wakiwa na ajira: walimu, wauguzi, maofisa wa halmashauri, watumishi wa mashirika yanayohudumia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. Wengine wamejiunga na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, wengine wamemaliza masomo ya darasani Dar es Salaam, Dodoma au Morogoro wakarudi nyumbani na pendekezo la utafiti mkononi. Msimamizi yuko mbali (kwa reli, Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200), umeme unaweza kukatika katikati ya sentensi, na watoto wanalala saa tatu usiku. Majibu haya yameandikwa kwa hali hiyo.

Kwa nini kuandika kunachosha kuliko hata kukusanya data?

Kwa sababu wengi wanafanya kazi nne kwa wakati mmoja: kufikiri, kuandika, kusahihisha na kupamba. Unaandika nusu sentensi, unaona neno halijakaa vizuri, unalifuta, unakumbuka hujaweka chanzo, unafungua intaneti kukitafuta, unarudi unakuta wazo limepotea. Saa mbili zimekwisha na ukurasa una mistari minne. Kinachoumiza hapo ni kuruka kutoka kazi moja hadi nyingine. Karibu kila ushauri ulio hapa chini unalenga kuzitenganisha kazi hizo, kila moja ipate kipindi chake.

Je, nimalize kusoma kwanza ndipo nianze kuandika?

Hapana. Kusoma hakuishi, na anayesubiri kumaliza hufika mwaka wa pili akiwa na mafaili 200 kwenye laptopu na hajui kilichomo ndani yake. Andika kadiri unavyosoma, na mahali pa kuanzia ni jedwali la usomaji. Fungua Excel, au chora kwenye daftari kubwa, uweke safu saba:

1. Mwandishi na mwaka
2. Swali alilouliza
3. Alifanyia wapi na lini
4. Njia aliyotumia na ukubwa wa sampuli
5. Alichogundua, pamoja na namba ya ukurasa
6. Ninapokubaliana naye au kumtilia shaka, na kwa nini
7. Itaingia sehemu gani ya tasnifu yangu

Safu ya sita ndiyo wengi huiacha wazi, na ndiyo yenye thamani kuliko zote. Bila hiyo, sura ya mapitio inakuwa orodha: fulani alisema hivi, fulani naye akasema vile, hadi ukurasa wa arobaini, na msimamizi anaandika pembeni "sauti yako iko wapi?"

Makala moja usiipe zaidi ya dakika 40 mara ya kwanza. Soma ikisiri, hitimisho, majedwali, kisha njia. Utairudia kwa undani ikidhihirika kuwa unaihitaji. Ukifikisha mistari 15 hadi 20, acha kusoma, uanze kuandika. Hapo jedwali lisome kwenda chini, safu kwa safu. Tuseme unatafiti uchakataji wa dagaa katika mwalo wa Katonga, Ziwa Tanganyika. Ukishuka na safu ya tatu unaweza kukuta kazi nyingi ulizokusanya ni za Ziwa Victoria. Hilo lenyewe ni aya nzima, tena ni aya muhimu, kwa sababu dagaa wa Ziwa Victoria ni samaki mwingine kabisa, Rastrineobola argentea, wakati wa Ziwa Tanganyika ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon. Anayechanganya matokeo ya maziwa haya mawili bila kueleza tofauti hiyo anampa mtahini swali la kwanza la siku ya utetezi.

Nafanya kazi hadi saa kumi jioni. Niandike saa ngapi?

Vipindi viwili vya dakika 45 kabla ya kwenda kazini, na mapumziko ya dakika 10 katikati, vinatosha. Ukianza saa 11 alfajiri, saa 12 na dakika 40 umemaliza na bado una muda wa kuoga. Fanya hivyo siku tano kwa wiki. Aya mbili kwa siku ni aya kumi kwa wiki, na sura ya kawaida ina aya 50 hadi 80. Piga hesabu hiyo mwenyewe kwa sura yako, kwani hofu hupungua mtu akiona mwisho uko wiki ngapi mbele.

Jioni fanya kazi zisizohitaji akili kali: kuingiza marejeo, kupanga majina ya mafaili, kunyoosha majedwali, kunakili mahojiano uliyorekodi. Mwenye zamu za usiku hospitalini ageuze ratiba hii, ila kanuni ibaki: saa ambazo akili ni safi zipewe kuandika, saa za uchovu zipewe mikono.

Usisubiri likizo. Likizo ya siku 28 ina misiba, harusi, wageni na shamba, na mtu aliyepanga kuandika sura tatu ndani yake hurudi kazini akiwa na sura nusu na huzuni nyingi.

Kabla hujafunga laptopu, andika mstari mmoja unaoanza na neno "Kesho". Uwe mstari mahususi: "Kesho: eleza kwa nini jedwali la 4.3 linaonyesha Kibirizi na Katonga zinatofautiana." Mstari kama "Kesho: endelea na sura ya nne" haukusaidii, kwa sababu asubuhi utatumia dakika 20 kutafuta pa kuendelezea.

Rasimu ya kwanza inaandikwaje bila kuisahihisha palepale?

Zima intaneti. Zima pia ile mistari myekundu ya Word inayokagua tahajia, maana inakuita kila dakika. Kisha andika aya kwa hatua tatu: sentensi moja inayotoa dai, sentensi mbili au tatu za ushahidi, na sentensi moja inayosema ushahidi huo una maana gani kwa swali lako la utafiti.

Ukifika mahali usipokijua kitu, usisimame. Weka alama ### ukaendelee. Mfano wa aya mbichi, kwa matokeo ya kubuni:

"Wachakataji wanaotumia chanja (jukwaa la kuanikia) wanasema hawapotezi dagaa wengi msimu wa mvua kama wanaoanika mchangani (### jedwali gani?). Mhojiwa ### alieleza kuwa chanja hufunikwa kwa turubai dakika chache tu mvua ikitisha. ### tafuta kama kuna mtu amepima hasara hii ziwa hili. Maana yake gharama ya chanja haiwezi kuhesabiwa bila kuhesabu hasara inayookolewa."

Aya hii ina mapengo matatu na haijapendeza, lakini hoja imeshasimama. Kipindi kingine, labda jioni, unabonyeza Ctrl na F, unatafuta ###, unajaza moja baada ya jingine. Kabla ya kumtumia msimamizi sura yoyote, tafuta ### tena uhakikishe hakuna iliyobaki.

Nianze na sura ya ngapi?

Njia za utafiti. Unajua ulichofanya, hakuna cha kubuni, na ukurasa unajaa haraka. Fuata matokeo, kisha mjadala, rudi kwenye mapitio, malizia utangulizi. Ikisiri iandikwe mwisho kabisa.

Kosa la kawaida kwenye sura ya njia ni kunakili pendekezo la utafiti jinsi lilivyo. Pendekezo linasema "nitawahoji watu 120", tasnifu inapaswa kusema ulihoji wangapi, na kama walipungua, walipungua kwa sababu gani. Pitia sura yote ukigeuza kila wakati ujao kuwa wakati uliopita, na kila unapogeuza jiulize kama kweli ndivyo ilivyotokea.

Ratiba yangu ya kukusanya data imevurugika. Nifanyeje?

Kwanza angalia kama ratiba ilizingatia kalenda ya watu unaowatafiti. Mwaka 2024 shughuli za uvuvi Ziwa Tanganyika zilisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Mwanafunzi aliyepanga kuwahoji wavuvi mwaloni Juni angekuta mitumbwi imepaki. Kwa wakulima wa Kasulu, Buhigwe au Kibondo, miezi ya mvua, takriban Novemba hadi Aprili, watu wako shambani tangu alfajiri na baadhi ya barabara za vijijini hazipitiki. Anayetafiti shuleni akwepe wiki za mitihani ya taifa.

Vibali navyo vina mwendo wake: barua ya chuo, ofisi ya Katibu Tawala wa Mkoa, wilaya, kisha mtendaji wa kata na wa kijiji. Kambi za wakimbizi zina kibali chao cha kuingilia kutoka Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi. Omba mapema, na wiki za kusubiri zitumie kuandika sura ya njia. Wanaokaa kusubiri mikono mitupu ndio wanaopata wasiwasi mkubwa.

Mahojiano yangu ni ya Kiswahili na Kiha, tasnifu ni ya Kiingereza. Nitafsiri yote?

Usitafsiri yote. Saa moja ya mahojiano inaweza kukula saa tano au sita kuinakili tu, na kutafsiri kunaongeza nyingine nyingi. Nakili kwa lugha iliyozungumzwa, weka misimbo (lebo za mada) na uchanganue kwa lugha hiyohiyo, kisha tafsiri tu nukuu utakazoweka kwenye sura ya matokeo. Nukuu asilia zihifadhi kwenye kiambatisho, kila moja na namba ya mhojiwa. Kwa Kiha, mpe mzungumzaji mwingine asome nukuu kumi hivi na tafsiri zako, na useme kwenye sura ya njia kwamba ulifanya hivyo.

Kama Kiingereza ndicho kinachokukwamisha, andika rasimu ya hoja kwa Kiswahili kwanza. Ukishajua unachotaka kusema, kugeuza lugha ni kazi ndogo. Mara nyingi sentensi inayodhaniwa kuwa na tatizo la Kiingereza huwa haina wazo lililokamilika hata kwa Kiswahili.

Msimamizi hajibu. Nimtumie tena?

Mtumie, lakini angalia kwanza ulimtumia nini. Faili la kurasa 90 lenye ujumbe "naomba maoni" ni mzigo ambao mtu mwenye wanafunzi kumi ataahirisha kila siku. Tuma kurasa 10 hadi 15, ukiambatanisha maswali mawili au matatu anayoweza kuyajibu. Kwa mfano:

"Shikamoo Dokta. Naambatanisha sehemu ya 4.2, kurasa 12. Naomba mwongozo kwa mambo mawili: (1) Je, jedwali la 4.3 na la 4.4 niyaunganishe? (2) Mjadala wa bei uko hapa. Uhamie sura ya tano? Sehemu ya 4.3 naendelea nayo na nitaituma tarehe 20. Ahsante sana kwa muda wako."

Ujumbe huu unamwonyesha ukubwa wa kazi, unampa pa kuanzia, na unamjulisha kwamba hukusimama kumngoja. Mwanzoni mwa usimamizi kubalianeni muda wa majibu. Wiki mbili kwa sehemu fupi ni ombi la kawaida. Zikipita, kumbusha kwa heshima kwa kujibu barua pepe ileile, ili kiambatisho kiwe karibu naye. Usitume sura kupitia WhatsApp ila akikuomba mwenyewe, kwa sababu mafaili hupotea kati ya salamu na picha. Kimya kikiendelea hadi mwezi na zaidi, mwandikie mratibu wa uzamili wa idara yako. Ni utaratibu halali na hakuna utovu wa adabu ndani yake, mradi uwe na tarehe za barua zote ulizotuma.

Sura imerudi imejaa maoni mekundu. Nimevunjika moyo.

Soma maoni yote mara moja, funga faili, usilifungue hadi kesho yake. Siku ya kwanza kila maoni yanasomeka kama hukumu.

Kesho yake tengeneza jedwali: maoni, ukurasa, nilichofanya, nilichobadilisha kiko wapi sasa. Hamishia kila maoni humo, hata lile la koma. Kisha yagawe. Kuna yale ya dakika tano, kama tahajia, chanzo kilichosahaulika au namba ya jedwali. Kuna yale ya kufikiri, kama "hoja hii haijathibitishwa". Na kuna yale usiyoyaelewa au usiyokubaliana nayo. Malizia ya dakika tano kwa jioni moja; mara nyingi ndiyo mengi zaidi, na rundo likipungua moyo unarudi. Ya kufikiri yape kipindi cha asubuhi, moja au mawili kwa siku. Usiyoyaelewa yakusanye uulize kwa pamoja.

Usipokubaliana na maoni, eleza sababu kwenye jedwali kwa sentensi mbili zenye ushahidi. Kuyaruka kimyakimya ndiko kunakoleta ugomvi, maana msimamizi akiyakuta hayajaguswa mara ya pili huacha kusoma kwa makini. Sura ikirudi kwake, jedwali liende nayo. Asome mabadiliko tu, asirudie kurasa zote.

Marejeo yananimalizia muda. Kuna njia rahisi?

Tumia Zotero, programu ya kutunza na kupanga marejeo. Ni ya bure, inafanya kazi bila intaneti ukishaisakinisha, na inaungana na Word. Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni megabaiti 300, nayo hujaa upesi ukiweka makala nzima. Taarifa za marejeo zenyewe hazihesabiwi humo, kwa hiyo makala zibaki kwenye laptopu na kwenye flashi.

Ingiza chanzo siku unayokisoma, kisha ukague kwa macho, maana programu huokota makosa. Vichwa vya makala huja vyote kwa herufi kubwa, mwaka unakosekana, namba za kurasa zimeachwa. Kosa linaloonekana sana kwenye tasnifu za kwetu ni majina ya taasisi. Ukiandika Ofisi ya Taifa ya Takwimu kama jina la mtu, orodha itatoa "Takwimu, O. ya T. ya". Kwenye kisanduku cha mwandishi kuna kitufe kidogo kinachogeuza jina la sehemu mbili kuwa la sehemu moja. Kibonyeze kwa kila wizara, halmashauri na shirika.

Chuo kikitaka marejeo kwa mtindo wa APA (wa chama cha wanasaikolojia wa Marekani), uliza ni toleo lipi. La 7 lilitoka mwaka 2019 na liliondoa mahali pa uchapishaji kwenye vitabu, kwa hiyo ukinakili mfano kutoka tasnifu ya zamani maktabani utarithi makosa.

Naweza kupata makala bila kusafiri chuoni?

Ndiyo. Omba maktaba ya chuo chako nywila za kuingilia ukiwa nje, na uulize kama wamo kwenye Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida bure au kwa bei nafuu. African Journals Online ina majarida mengi ya Afrika yanayosomeka bure. Makala ikifungwa, mwandikie mwandishi barua pepe fupi, wengi hutuma. Pakua mengi kwa mpigo bando la usiku likiwa nafuu. Wanaotafiti ziwa wasisahau kituo cha TAFIRI (Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania) hapa Kigoma, kwani kuna taarifa ambazo hazipatikani mtandaoni.

Nilinde vipi kazi yangu umeme ukikatika?

Word kwa kawaida huhifadhi nakala ya dharura kila dakika 10. Ingia kwenye mipangilio ya kuhifadhi uipunguze iwe dakika 1. Weka nakala mahali patatu: laptopu, flashi isiyotoka nyumbani, na barua pepe yako mwenyewe kila Ijumaa. Ipe faili jina lenye tarehe, kama sura4_2025-03-14. Majina kama "mwisho", "mwisho kabisa" na "mwisho mpya" yamewafanya watu wasahihishe nakala ya zamani wiki nzima.

Je, nimlipe mtu aniandikie, au nitumie akili mnemba?

Kumlipa mtu aandike ni udanganyifu wa kitaaluma, na unaweza kukunyang'anya shahada hata baada ya kuvikwa joho. Kumlipa mtaalamu wa takwimu akusaidie kuchanganua ni jambo jingine: chuo kikiruhusu, mtaje kwenye shukrani, na usiondoke kwake kabla hujaweza kueleza mwenyewe kwa nini alitumia kipimo hicho. Mtahini atakuuliza wewe.

Programu za akili mnemba kama ChatGPT zinaweza kubuni marejeo: mwandishi anayefanana na wa kweli, jarida la kweli, makala isiyokuwepo. Soma kanuni za chuo chako kwanza. Hata zikiruhusu, usiweke chanzo chochote ambacho hukukifungua na kukisoma, na usipandishe humo mahojiano ya watu uliowaahidi usiri.

Nimekwama wiki tatu, sijaandika hata neno.

Tafuta umekwamia nini, kwa sababu kila kukwama kuna dawa yake. Kama hujui hoja ni ipi, mweleze rafiki asiyesoma fani yako kwa dakika tano huku simu ikirekodi, kisha andika ulichosema. Kama hujui mpangilio, andika kila wazo kwenye kikaratasi, uvipange mezani. Kama data haijibu swali ulilouliza, hakuna uandishi utakaokuokoa: ongea na msimamizi kuhusu kurekebisha swali, na uongee mapema. Kama umechoka tu, pumzika siku tatu kamili na urudi kwa kipindi kimoja cha dakika 45.

Watu watatu au wanne wanaokutana kila Jumamosi, saa tatu asubuhi hadi saa sita, husaidia sana, hata kama mmoja anasoma elimu na mwingine uvuvi. Kila mmoja anataja atakachoandika, wananyamaza, mwishoni wanaonyeshana.

Ukikosa usingizi, hamu ya kula au hamu ya kuishi kwa wiki mbili na zaidi, hilo limeshavuka tasnifu. Nenda hospitali, iwe Maweni au kituo kilicho karibu nawe, useme wazi unavyojisikia. Mawazo ya kujidhuru hayangoji wiki mbili: nenda siku hiyohiyo, na usikae peke yako. Chuo kinaweza kukuruhusu kuahirisha masomo kwa sababu za afya ukiomba kwa maandishi na cheti cha daktari.

Nikifika hatua ya kuchapa, nizingatie nini?

Vichwa vyote vya sura na vifungu viwekwe kwa mitindo ya vichwa iliyomo ndani ya Word, ili orodha ya yaliyomo ijitengeneze na kurasa zijibadilishe zenyewe. Soma mwongozo wa chuo kuhusu pambizo. Upande wa kushoto mara nyingi huhitaji nafasi zaidi kwa ajili ya jalada. Steshenari peleka PDF, kwa sababu faili la Word likifunguliwa kwenye kompyuta yenye toleo jingine majedwali huhama na kurasa zinaongezeka. Tumia flashi ya pembeni, isiwe ile yenye kazi yako, maana virusi vya steshenari ni vingi. Chapa nakala moja, ikague ukurasa kwa ukurasa, hasa majedwali yaliyolazwa, ndipo uagize nyingine.